UZI: Akwariamu ndogo ya maji chumvi na matumbawe kwa chini ya laki nane, nikiwa Dar

#1 Dumu la Chumvi

Wakuu habari za jioni. Tangu niweke ile picha ya tangi langu watu wananiandikia pembeni wakiuliza maswali yale yale, nikaona nifungue uzi tuulizane hadharani. Niko Tegeta. Tangi lina mwaka na miezi minne, ndani kuna samaki wawili aina ya klauni, kamba mmoja, konokono wa kusafisha na matumbawe laini ambayo sasa nagawia watu.

Asiye na muda achukue hili tu: ukikaa pwani, maji na mawe ni karibu bure. Pesa inakwenda kwenye taa na vipimo. Na miezi miwili ya kwanza utakuwa unaangalia maji matupu. Mke wangu alinivumilia wiki tatu, ya nne akaniuliza kama hao samaki wanaonekana na mimi peke yangu.

TANGI. Sikununua la dukani. Fundi vioo wa mtaani alinikatia sm 60 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 6, na juu akazungushia ukanda wa kioo ili kuta zisitanuke. Hiyo ni lita 96 kwa hesabu. Ukishaweka mawe, mchanga na kuacha nafasi juu unabaki na kama 75. Kuhusu silikoni, soma maandishi kabla fundi hajafungua: zile za bafuni zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa ndani. Liache wiki likauke, jaza maji ya bomba, tandika magazeti chini, subiri siku mbili. Langu lilivuja kona moja, fundi akarudi bila ubishi.

Uzito msiudharau. Likijaa linakaribia kilo 120. Meza ya runinga haibebi. Nilichongesha meza kwa seremala.

MAWE. Hapa ndipo penye uhondo, maana wenzetu wa nje hununua mawe haya kwa kilo na sisi tunajengea msingi wa choo. Nazungumzia jiwe la matumbawe ya kale, lile lile lililojenga Mji Mkongwe wa Unguja na magofu ya Kilwa. Ni matumbawe yaliyokufa zamani sana, bahari ikapungua, yakabaki nchi kavu. Yana matundu, na kwenye matundu hayo ndimo watakamoishi bakteria ambao kimsingi ndio chujio lako. Nilienda kwenye machimbo Kunduchi, nikachagua mwenyewe vipande vyepesi kwa ukubwa wake, vyenye vinyweleo vingi. Kama kilo 12 hivi. Nikampa kijana elfu kumi na akanishangaa, maana kokoto zake ni bora zaidi kwa macho yake.

Usafishaji: sugua kwa brashi, loweka kwenye pipa la maji na jiki (sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji) siku tatu, suuza, loweka tena maji matupu wiki nzima ukibadilisha, halafu anika juani mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Na msichanganye jiki na siki kwenye ndoo moja kwa kudhani mnaongeza nguvu. Inatoka gesi ya klorini, utakohoa mpaka uone nyota.

Naendelea, mtoto anaita.

#2 Kibua Mkavu

Laki nane kuangalia samaki? Mkuu, pale soko la samaki la Feri ukiamka saa kumi na mbili asubuhi unaangalia samaki wa kila aina bure, na ukichoka kumwangalia unamkaanga.

#3 Bint Upanga

Nimeweka kambi. Kibua usituharibie uzi bwana 😂

#4 Dumu la Chumvi

Kibua nakujua, utarudi.

MCHANGA. Mchanga wa tangi la namna hii unatakiwa uwe wa chokaa ya bahari, yaani magamba na matumbawe yaliyosagika. Fukwe nyingi za Dar mchanga wake ni wa kokoto za bara zilizoletwa na mito. Kipimo ni siki ya jikoni: dondoshea kwenye kijiko cha mchanga. Ukitoa mapovu ya kutosha, ni chokaa. Ukikaa kimya, ni wa kujengea. Mimi nilitandika sm 2 tu, zaidi ya hapo ni kufuga uchafu.

MAJI. Nachota baharini. Chumvi ya bahari kwenye tangi iwe gramu 35 kwa kila lita, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji ni 1.025 au 1.026. Nunua refraktomita (kipimo cha chumvi unachochungulia kwa jicho), si kile kipimo cha plastiki chenye mshale. Na ukiinunua usiirekebishe kwa maji matupu peke yake kama karatasi yake inavyosema. Pima kwa mizani ya jikoni gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, ongeza maji yasiyo na kitu mpaka jumla iwe gramu 1,000 kamili. Mchanganyiko huo unatakiwa usomeke 35. Yangu ilikuwa inasoma 37, na bila hivyo nisingejua kamwe.

PAMPU. Mbili ndogo za kusukuma maji, zinazotazamana kwa mshazari ili mikondo igongane. Tumbawe halitembei kufuata chakula wala kukimbia kinyesi chake, mkondo ndio unaolifanyia kazi zote mbili. Sina kile chombo cha mapovu cha kutoa uchafu. Kwa lita 75 na samaki wawili, kubadilisha maji lita 8 kila Jumamosi kunatosha.

TAA. Hapa nililia. Ndani ya nyama ya tumbawe anaishi mwani mdogo asiyeonekana kwa macho, huyo ndiye anayelilisha kwa kutumia mwanga. Taa ya kawaida ya sebuleni haifiki. Niliagiza boksi la LED la Kichina lenye swichi mbili, bluu na nyeupe. Bluu naiweka asilimia 40, nyeupe 10, saa tisa kwa siku. Kosa la wageni wote, mimi nikiwemo, ni kuiwasha yote siku ya kwanza kwa sababu umeilipia.

Mahesabu yangu: tangi 95,000, meza 80,000, pampu mbili 70,000, taa 280,000 pamoja na usafiri, refraktomita 45,000, vipimo vya amonia, nitrati na alkali 110,000, kalamu ya TDS (inapima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) 20,000, feni mbili za kompyuta na adapta yake 15,000, mawe 10,000, bajaji 15,000. Jumla 740,000. Samaki hawamo humo. Mwenzako anaweza kupata kwa bei tofauti, mimi natoa niliyolipa.

#5 Bamvu wa Tanga

Kijana umeeleza vizuri, ila suala la kuchota maji umelirukia. Nimevua miaka mingi, ngoja nikusaidie.

Chota siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa au yanakaribia kujaa. Wakati huo maji ya kina kirefu yanasukumwa mpaka pwani, ni safi. Yakishaanza kupwa yanaondoka na uchafu wote wa ufukweni na wa mikokoni, hapo utachota taka. Siku za maji mafu hayajai vya kutosha, yanazunguka pale pale. Na kaa mbali na midomo ya mito. Huko kwenu Msimbazi, Kizinga na Mzinga vyote vinamwaga mjini, nenda upande wa bahari wazi. Masika ikipiga usichote kabisa wiki hizo, maji ya juu yanapungua chumvi na mito inaleta kila kitu.

#6 Dumu la Chumvi

Shikamoo mzee. Hili somo ningelipata mapema ningeokoa madumu sita. Mimi nilikuwa naangalia tu kama maji ni maangavu.

Kuongezea: nachuja kwa kitambaa cha pamba, natunza kwenye dumu safi lililofungwa gizani. Siku ya kutumia naweka pampu ya hewa usiku kucha na kupima chumvi kwanza.

#7 Bamvu wa Tanga

Marahaba.

#8 Wa Githurai

Niaje watu wa Bongo. Sisi wa Nairobi bahari iko mbali, tunafanyaje? Nimewahi kubeba madumu mawili kwa basi kutoka Mombasa, kondakta akafungua moja kunusa akidhani ni chang'aa. Siwezi rudia hiyo. Naweza tumia chumvi ya jikoni na maji ya mfereji?

#9 Dumu la Chumvi

Hapana kaka. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na klorini basi. Maji ya bahari yana magnesiamu kama miligramu 1,280 kwa lita, kalisi kama 410, bikaboneti, potasiamu na vingine vingi, na tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa hiyo kalisi. Nunua chumvi maalumu ya matangi. Kwa lita 10 utatumia kama gramu 370, changanya kwa pampu siku nzima, pima, ndipo utumie. Na maji ya mfereji yana dawa ya klorini na mengine, tafuta maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana. Ile kalamu ya TDS ni ya kazi hiyo, namba ikiwa ndogo ndiyo maji safi. Nilipima maji ya kunywa ya madumu ya lita 20 kutoka sehemu mbili, moja ikasoma 12, nyingine 140, na zote lebo zinasema yamesafishwa.

Faida yako: Julai yenu ni baridi, utahitaji hita ya wati 100. Sisi shida yetu ni kinyume.

#10 Bint Upanga

Hiyo ya joto fafanua, maana mimi mwaka jana nilipoteza matumbawe yote Februari. Yaligeuka meupe wiki moja tu.

#11 Dumu la Chumvi

Pole dada. Februari sebuleni kwangu saa nane mchana ni nyuzi 31, maji yanafika 30 na ushee. Tumbawe linapenda 25 hadi 27, likizidi sana linamfukuza yule mwani niliyemtaja, na rangi inaondoka naye. Ukilipoza mapema linaweza kumrudisha. Ukichelewa linakufa njaa.

Mashine ya kupoza maji ni ghali kuliko tangi lote. Nilichofanya: feni mbili za kompyuta, zile za kuvuta hewa, nimezifunga ukingoni zipulize juu ya maji kwa mshazari. Maji yakivukiza yanapoa, nashusha nyuzi mbili mpaka tatu. Nimeondoa na kifuniko, nimeweka wavu.

Sasa sikilizeni hili kwa makini kwa sababu ndilo lililoniulia samaki wa kwanza. Feni zikifanya kazi naweza kupoteza lita mbili kwa siku. Maji ndiyo yanayoondoka, CHUMVI INABAKI. Mimi kwa akili zangu nikawa najazia maji ya bahari. Baada ya wiki tatu kipimo kikasoma 1.031. Kujazia ni kwa maji matamu yaliyochujwa, kila siku, mpaka kwenye mstari niliochora kwa kalamu ya maka ubavuni mwa kioo. Maji ya bahari ni ya Jumamosi ya kubadilisha tu.

#12 Bamvu wa Tanga

Hiyo ya kuwa meupe mimi niliiona baharini mwaka 1998. Bahari ilichemka, tukienda kupiga mbizi chini kote ni kweupe kama mtu amepaka chokaa. Baadaye mwani ukafunika. Sehemu nyingine mpaka leo hazijarudi sawasawa.

#13 Kibua Mkavu

Nimerudi, naona mnasoma kama chuo. Swali moja la mtu maskini: kwa nini nihangaike kungoja? Nachukua boti naenda kisiwa cha Mbudya, naibua tumbawe moja zuri na vikonokono, natupia ndani. Bure kabisa.

#14 Dumu la Chumvi

Kwanza Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994 ipo. Hutoi kitu pale. Pili, matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, huvuki nayo mpaka bila kibali. Yaliyogeuka jiwe la kale hayamo, ndiyo maana nimekwambia Kunduchi.

Tatu, weka sheria pembeni. Tumbawe la porini ukiling'oa unalitia jeraha, linaingia kwenye tangi changa lisilotulia, linaoza siku ya nne, na likioza amonia inapanda na kila kitu kinakufa nalo. Mimi ya kwangu nilipewa vipande na jamaa ambaye tangi lake ni la miaka mingi. Kipande kama ukucha wa dole gumba. Kimezoea maisha ya kioo, kinakua.

Na vikonokono: si kila kizuri ni cha kuokota. Yupo konokono mwenye gamba la umbo la pia, lina michoro ya kupendeza. Anachoma kwa mshale wa sumu, na aina yake moja, Conus geographus, imeshaua watu. Anaishi bahari hii hii yetu. Usimtie mfukoni.

#15 Bamvu wa Tanga

Na mimi niseme. Sisi Tanga tumeona miamba ikipigwa baruti miaka na miaka. Kila aliyerusha alisema ni mara moja tu. Usije kuniambia tumbawe moja halina neno.

#16 Kibua Mkavu

Sawa mzee, nimesikia. Yaishe.

#17 Wa Githurai

Sasa hiyo miezi miwili ya maji matupu ni ya nini haswa? Na unajuaje imeisha?

#18 Dumu la Chumvi

Unafuga bakteria. Samaki anatoa amonia, amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati ambayo kwa kiasi kidogo haina shida. Jiwe lililotoka kwenye jiki halina hata mmoja wao. Hivyo nilinunua kamba mbichi mmoja sokoni, nikamtumbukiza aoze. Mwanzo amonia ikapanda, ikakaa juu, wiki ya tatu ikaanza kushuka, wiki ya sita ikasoma sifuri. Ili kujihakikishia nikatia tena punje ya chakula, kesho yake sifuri. Wengine humaliza wiki nne. Ukipewa konzi ya vijiwe kutoka tangi la mtu, unafupisha.

Kisha inakuja aibu: utando wa kahawia kila mahali. Ukipiga picha utakataa kuwa ni lako. Unaisha wenyewe. Usinunue dawa. Baada yake nyuzi za kijani, hapo ndipo konokono wa kusafisha wanaingia. Samaki nilitia mwezi wa tatu, matumbawe wa nne.

#19 Bint Upanga

Niongeze mawili ya kwangu, moja ni la kilio. Dada anayenisaidia nyumbani alipuliza dawa ya mbu ya kopo sebuleni jioni, kama kila siku. Sikuwa nimemwambia. Asubuhi kamba wote chali, samaki mmoja anazunguka kama kalewa. Hizo dawa ni sumu kali kwa viumbe wa majini hata ikiingia kidogo tu kupitia pampu ya hewa. Sasa kwangu chumba hicho ni chandarua na feni.

Pili, kuna yale matumbawe laini kama vifungo vya rangi, zoanti. Mazuri, yanakua haraka, kila mtu anaanza nayo. Baadhi yana sumu inaitwa palitoksini. Vaa glavu, usiyakate ukiwa na kidonda mkononi, funika macho, na jiwe lenye hayo USILICHEMSHE kwa nia ya kulisafisha. Mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali huko nje.

#20 Dumu la Chumvi

Hilo la kuchemsha nilitaka kulisahau, asante sana dada.

Umeme: taa yangu wati 80 kwa saa tisa, pampu mbili wati 6 kila moja usiku na mchana. Inakuja yuniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye ule mpango wa bei nafuu wa yuniti 75, piga hesabu kabla hujahamishwa kwa ajili ya samaki. Umeme ukikatika taa si tatizo, hata siku mbili. Tatizo ni hewa. Nina pampu ya hewa ya betri, ile ya wauza samaki hai. Ukikosa, chota kwa jagi umwage kutoka juu kila nusu saa. Nimeshafanya hivyo mpaka alfajiri.

#21 Wa Githurai

Hapa stima ikipotea ni masaa, hiyo ya betri nanunua kesho. Na klauni, hao wa rangi ya chungwa, si mnawavua tu hapo kwenu?

#22 Dumu la Chumvi

Wengi hudhani hivyo. Yule wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, Amphiprion ocellaris, hayupo pwani yetu, anatoka mashariki huko Asia. Wa kwetu ni kama Amphiprion allardi, mwili mweusi wa kahawia, mistari miwili, mkia mweupe. Mimi nina ocellaris, nilinunua kwa muuzaji wa samaki wa mapambo, wamezaliwa kwenye matangi. Chukua wawili wadogo. Wote huzaliwa madume, mkubwa atageuka jike na kuanza kumwonea mwenzake. Wangu jike ananing'ata nikiweka mkono ndani. Na si lazima anemone, kile kiumbe chenye mikono laini wanachojificha ndani yake baharini. Wangu wanalala kwenye tumbawe la ngozi.

#23 Kibua Mkavu

Kwa hiyo mume anapigwa ndani ya laki saba na arobaini. Sawa. Huyo fundi vioo ni wa Tegeta wapi?

#24 Dumu la Chumvi

😂 Nakuandikia pembeni.

Wakuu, mwezi mpevu ni Jumamosi hii, maji yanajaa kama saa kumi na nusu alfajiri. Naenda Kigamboni upande wa bahari wazi na nina nafasi ya madumu manne kwenye gari. Anayehitaji aseme leo, na alete dumu lake mwenyewe. Lisiwe lililobeba mafuta ya taa.

#25 Bint Upanga

Mawili yangu. Nayaleta Ijumaa.

#26 Bamvu wa Tanga

Alfajiri hiyo vaeni viatu, kuna miba ya uduvi na vioo.

#27 Kibua Mkavu

Mzee, uduvi una miba?

#28 Bamvu wa Tanga

Simu inajiandikia yenyewe. Nilikusudia urumbu, yule mnyama wa baharini mwenye miba. Vaeni viatu.